Soko la kripto lenye leseni: pa kuangalia kabla pesa haijatoka mkononi

Leseni ya soko la kripto inahusu namna soko linavyoendeshwa, hasa linavyotunza pesa na sarafu za wateja. Haizuii bei kushuka, wala haikuokoi ukituma sarafu kwenye anwani isiyo yake. Wengi wanaoanza huona neno "imesajiliwa", wakalegeza mkono palepale walipotakiwa kukaza.

Tazama kilichotokea kwa soko la kripto la FTX. Novemba 11, 2022 iliomba kufilisika huko Marekani, na wateja wa dunia nzima wakabaki na salio la kutazama tu kwenye skrini. Tawi lake la Japani lilifungua tena utoaji Februari 2023, na wateja wa tawi hilo wakachukua mali yao. Tofauti ilikuwa sheria. Japani hulazimisha soko litenge mali ya wateja na mali ya kampuni, na angalau asilimia 95 ya sarafu za wateja zikae kwenye pochi (programu au vifaa vya kutunzia funguo za sarafu) zisizounganishwa na intaneti. Sheria hizo zilitokana na machungu: Mt. Gox, soko la Tokyo, lilianguka Februari 2014, kisha soko jingine la huko, Coincheck, likaibiwa Januari 2018.

Kwa hiyo ukiambiwa "tuna leseni", uliza: ya nani, ya kufanya nini, na inamhusu mteja wa nchi gani?

Kukagua leseni

Usianze na tovuti ya soko. Anza na ya mdhibiti, tena iandike mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa WhatsApp, wala tangazo linalokaa juu kabisa unapotafuta Google, maana matapeli hununua nafasi hiyo na kuweka tovuti inayofanana na ya kweli.

Ukiwa Uingereza, rejista ni ya FCA, mdhibiti wa huduma za fedha. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iitwayo MiCA imekuwa ikiyahusu masoko haya tangu Desemba 30, 2024, na orodha ya walioidhinishwa hutolewa na ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja huo. Dubai kuna VARA, mamlaka ya mali za kidijitali, iliyoanzishwa 2022. Kenya ilipata sheria yake ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na kazi ya usimamizi wamegawana Benki Kuu (CBK) na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Soko likijigamba kuwa na leseni ya Kenya, jina lake lionekane kwenye orodha ya mmoja wao, la sivyo hayo ni maneno tu. Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba kripto si fedha halali. Tangu 2024 serikali inakata kodi kwenye miamala ya mali za kidijitali, na wapo wanaoitumia kodi hiyo kama hoja kwamba "serikali imeturuhusu". Kutozwa kodi hakumfanyi mtu kuwa na leseni.

Ukifika kwenye rejista, linganisha jina la kisheria la kampuni (si jina la biashara linalotangazwa), anwani ya tovuti herufi kwa herufi, shughuli zilizoidhinishwa, na hali ya leseni kama bado ni hai. Kisha rudi kwenye tovuti ya soko, shuka mpaka chini kabisa, fungua masharti ya matumizi na utafute ni kampuni gani hasa inayofunga mkataba na wewe. Hapa ndipo watu huchezewa. Masoko makubwa huwa na kampuni nyingi chini ya jina moja. Tangazo linaweza kuonyesha leseni ya Ulaya, lakini mteja wa Mombasa au Muscat akaandikishwa chini ya kampuni nyingine iliyosajiliwa kisiwani ambako hakuna anayeisimamia. Leseni ya Ulaya haimhusu mteja huyo.

Kuna karatasi ambazo hupachikwa ukutani kana kwamba ni leseni. Cheti cha kusajili kampuni ni cha kwanza. Mtu yeyote mwenye ada ndogo hukipata. Ya pili ni usajili wa FinCEN, idara ya Marekani inayopambana na uhalifu wa fedha, kama biashara ya huduma za fedha, ambao matapeli wanaupenda mno kwa sababu unaonekana wa kiserikali, ilhali ni fomu inayojazwa na mwenye biashara na FinCEN yenyewe haimthibitishi mtu kwa hiyo. Ya tatu ina ukweli ndani yake lakini hueleweka vibaya: usajili wa FCA chini ya kanuni za kuzuia utakatishaji fedha. Huo ni usajili halisi, na soko lisilo nao halitakiwi kufanya biashara hiyo kutoka Uingereza. Lakini unahusu kumtambua mteja na kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Soko likifilisika, mfuko wa fidia wa Uingereza, FSCS, hautakurudishia thamani ya Bitcoin zako.

Dalili moja njema kwa aliye Uingereza: tangu Oktoba 2023 mteja mpya lazima asubiri saa 24 na ajibu maswali kuhusu hatari kabla ya kuruhusiwa kununua. Soko linalokuhimiza uweke pesa ndani ya dakika tano na huku linadai lipo chini ya FCA limejifichua lenyewe.

Barua pepe na simu kwanza, akaunti baadaye

Fungua barua pepe mpya kwa ajili ya soko peke yake, usiyoitumia Facebook wala kumpa mtu. Barua pepe ndiyo inayopokea viungo vya kubadili nywila. Anayeishika ameshika akaunti yote. Nywila iwe ndefu, herufi 16 au zaidi, isitumike kwingine, na ihifadhiwe na programu ya kutunza nywila au kwenye daftari linalofungiwa nyumbani.

Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, kwenye barua pepe na kwenye soko. Tumia programu ya kutoa namba (Google Authenticator, Aegis na nyinginezo), usitumie SMS ikiwa soko linakupa nafasi ya kuchagua. SMS hufuata laini, na laini huibwa: mtu huenda na kitambulisho cha kughushi, akadai simu imepotea, akapewa laini mpya yenye namba yako. Dalili yake ni simu yako kupoteza mtandao ghafla bila sababu. Hilo likitokea usingoje kesho. Tafuta simu nyingine, piga kampuni yako ya simu na uzuie laini. Uliza pia mapema kama wana huduma ya kuzuia laini isibadilishwe na wakala.

Programu hizo hutoa namba za tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, zikikokotolewa kwa saa ya simu yako. Ndiyo maana anayeweka saa kwa mkono huambiwa namba si sahihi hata akiinakili vizuri. Rudisha saa iwe ya kujipanga yenyewe na tatizo litaisha. Na siku ya kuwasha huduma hiyo, soko huonyesha ufunguo mrefu wa herufi pamoja na msimbo wa QR. Andika ufunguo huo kwenye karatasi. Usipoandika, siku simu ikitumbukia baharini utakaa wiki nzima ukibishana na huduma kwa wateja kwamba wewe ni wewe.

Masoko mengi yana pia neno la utambulisho: unachagua neno lako, na kila barua pepe ya kweli ya soko hulibeba. Barua isiyo na neno hilo itupe.

Utambulisho

Soko lenye leseni litakuomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, picha ya uso inayopigwa hapohapo, na mara nyingine uthibitisho wa makazi usiozidi miezi mitatu, kama bili ya umeme au taarifa ya benki. Linaweza kuuliza pesa imetoka wapi. Wengine huliona hilo kama usumbufu. Soko lisilouliza chochote ndilo la kuogopwa.

Maombi hukataliwa kwa mambo madogo: mwanga wa taa umeng'aa juu ya kitambulisho, kona moja imekatwa kwenye picha, au majina yamepangwa tofauti. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, yote matatu kama ni matatu, kwa sababu yatalinganishwa na jina la akaunti ya benki au M-Pesa utakayolipia. Usifungue akaunti kwa kitambulisho cha shemeji, na usikodishe cha kwako. Siku soko likiomba picha mpya ya uso, mali itakuwa ya mwenye kitambulisho.

Kuweka pesa

Weka kwa njia ambayo jina lako linaonekana: akaunti yako ya benki, kadi yako, namba yako ya simu. Mara ya kwanza weka kiasi kidogo, nunua sarafu kidogo, uza, kisha toa pesa irudi benki au kwenye simu. Utapoteza makato kidogo, lakini utakuwa umejaribu njia nzima, pamoja na ile ya kutoka. Soko la kitapeli karibu siku zote hupokea vizuri, shida huanza kwenye kutoa.

Afrika Mashariki wengi huingia kwa njia ya mtu kwa mtu, P2P: unamlipa muuzaji kwa M-Pesa au Airtel Money, soko likishikilia sarafu zake mpaka athibitishe kupokea. Unaweza kuitumia ndani ya soko linaloshikilia dhamana, lakini hapo leseni ya soko haimfuati muuzaji. Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila mara.

Ukiwa muuzaji, usiachie sarafu kwa kuona SMS. Ujumbe wa M-Pesa hughushiwa. Fungua programu au piga menyu, tazama salio lenyewe. Angalia jina la aliyelipa lilingane na jina lililo sokoni. Likiwa la mtu mwingine, rudisha pesa na ughairi oda, hata akikuambia ni mke wake. Sababu ni hii: pesa hiyo inaweza kuwa ya mtu aliyetapeliwa asubuhi ile, ambaye ameelekezwa alipe namba yako. Yeye akienda polisi, anayeonekana kwenye rekodi ni wewe, na akaunti inayofungwa ni yako. Tena aliyelipa anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kudai alikosea namba, kwa hiyo hifadhi mazungumzo ya oda hiyo. Ukiwa mnunuzi, usibonyeze "nimelipa" kabla hujalipa, na usikubali kuhamia WhatsApp "ili tupeane bei nzuri". Nje ya soko hakuna dhamana.

Kununua

Programu nyingi zina njia mbili. Ya kwanza ni kitufe cha haraka: unaandika kiasi, unabonyeza, umenunua. Ya pili ni soko lenyewe, linaloitwa "Spot", lenye orodha ya oda za wanunuzi na wauzaji. Ya haraka ni nyepesi lakini ghali, kwa sababu makato yake mengine yamefichwa ndani ya bei.

Chukua mfano wa shilingi 10,000. Ada ya njia ya haraka tuseme ni asilimia 1.5, yaani shilingi 150, na bei unayopewa imepandishwa asilimia 1 juu ya bei ya soko, takriban shilingi 100. Umeanza ukiwa chini kwa 250. Ukija kuuza kwa njia hiyohiyo utakatwa tena kiasi kama hicho, kwa hiyo bei inabidi ipande takriban asilimia 5 ndipo urudi ulipoanzia. Kwenye "Spot" ada ya kawaida huwa chini ya nusu asilimia. Ili uone makato yaliyojificha, linganisha bei ya kitufe cha haraka na bei ya mwisho iliyouzwa kwenye "Spot" dakika ileile.

Hapo kuna oda ya bei ya soko, inayonunua papo hapo kwa bei yoyote iliyopo, na oda ya kikomo, unayotaja bei yako na kungoja. Anayeanza atumie ya kikomo, hata akitaja bei ileile iliyopo. Kwa sarafu isiyo na wanunuzi wengi, oda ya bei ya soko hula oda za chini zilizopo, kisha hupanda kwenye za bei ghali zaidi, na utashangaa risiti ikija na bei ambayo hukuiona kwenye skrini.

Huhitaji kununua Bitcoin nzima. Moja hugawanyika vipande milioni 100, na masoko huruhusu kununua kwa thamani ya dola chache.

Menyu iliyoandikwa "Futures" au "Margin" ipite kama hujaiona. Hapo unafanya biashara kwa mkopo. Ukikuza dau mara 10, bei ikienda asilimia 10 kinyume nawe dhamana yote imekwisha, na soko hufunga dau lako kabla hata bei haijafika hapo. Bitcoin kuyumba hivyo ndani ya siku chache si jambo la ajabu.

Na ile menyu ya "pata riba"? Soma masharti yake peke yake, kwa sababu mara nyingi leseni haiifuniki. Celsius, kampuni ya Marekani iliyopokea sarafu za wateja, ilikuwa ikiahidi riba nono. Juni 2022 ilizuia wateja kutoa, Julai ikafilisika, na Januari 2023 mahakama ikaamua kwamba sarafu zilizokuwa kwenye akaunti za riba ni mali ya Celsius, kwa kuwa masharti waliyokubali wateja yalihamisha umiliki. Hawakuibiwa kwa udukuzi wowote. Walibonyeza "nakubali".

Kutuma na kupokea

Hapa ndipo pa kwenda taratibu, maana muamala wa blokcheni (daftari la pamoja la mtandaoni linaloandika kila muamala) ukishathibitishwa hakuna benki ya kuupigia simu.

Jambo la kwanza ni mtandao. Sarafu moja huweza kuishi kwenye mitandao kadhaa. USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, ndiyo inayowaponza wengi: ipo kwenye Tron, Ethereum, BNB Smart Chain na mingineyo. Mtandao unaouchagua wakati wa kutoa lazima uwe uleule uliouchagua wakati wa kuchukua anwani ya kupokelea. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34. Ya Ethereum huanza na 0x na ina herufi 42. Ukiweka anwani ya T kwenye mtandao wa Ethereum, soko litakukatalia, umenusurika. Hatari iko kati ya Ethereum na BNB Smart Chain, kwa sababu anwani zake zote huanza na 0x na zina umbo moja. Mfumo hauna namna ya kujua kwamba umekosea, utatuma tu.

Ukikosea hivyo, matokeo yanategemea aliyepokea. Kama anwani ni ya pochi yako mwenyewe, tulia: ufunguo uleule unafungua anwani hiyo kwenye mitandao yote miwili, kwa hiyo ongeza mtandao ule kwenye pochi na sarafu zitaonekana. Kama ni anwani ya soko ambalo halipokei kwa mtandao huo, uko mikononi mwao. Wengine huzirudisha kwa ada baada ya wiki kadhaa, wengine husema wazi kwamba hawarudishi.

La pili ni namba ya ziada. XRP, Stellar na TON zikitumwa kwenda sokoni huhitaji anwani pamoja na namba au neno la kumtambulisha mteja, liitwalo "memo" au "tag". Soko hutumia anwani moja kwa wateja wake wote, na namba hiyo ndiyo inayowaambia mzigo ni wa nani. Anayeisahau hujaza fomu ya kudai, yenye nambari ya muamala na picha za skrini, na kungoja.

La tatu ni mafuta ya safari, yaani ada ya mtandao, inayolipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe. Ukihamishia USDT kwenye pochi yako ya Tron bila kuwa na TRX kidogo, zitakaa hapo usiweze kuzisogeza. Kwenye Ethereum unahitaji ETH, kwenye BNB Smart Chain unahitaji BNB. Tuma kwanza kiasi kidogo cha sarafu ya mtandao, ndipo utume mzigo.

Kisha anwani yenyewe. Usiiandike kwa mkono. Inakili au skani QR, halafu isome. Kuna virusi vya kompyuta na simu vinavyobadilisha anwani kimyakimya kati ya kunakili na kubandika. Na kuna ujanja mwingine: tapeli anaona muamala wako kwenye blokcheni, anatengeneza anwani inayofanana na ya mtu uliyemtumia, herufi nne za mwanzo na nne za mwisho zilezile, kisha anakutumia kiasi cha senti ili anwani yake ikae juu kwenye historia yako. Wewe kesho unafungua historia, unanakili ya juu. Kwa hiyo usinakili anwani kutoka kwenye historia kamwe, na unapolinganisha soma na herufi za katikati.

Utaratibu wa kutuma mara ya kwanza kwenye anwani mpya ni huu:

1. Fungua upande wa kupokea, chagua sarafu, kisha mtandao, ndipo unakili anwani, na namba ya ziada kama ipo.
2. Upande wa kutoa, chagua sarafu na mtandao uleule, bandika, linganisha mwanzo, katikati na mwisho.
3. Tazama ada na kiwango cha chini. Ada ya kutoa huwa ni kiasi maalumu, si asilimia, kwa hiyo kutuma kidogo kidogo mara kumi kutakumaliza. Angalia pia kiwango cha chini cha kupokea. Ukituma chini yake, soko linaweza lisikuingizie.
4. Tuma kiasi cha majaribio kilicho juu ya viwango hivyo.
5. Ngoja kiingie kabisa upande wa pili, usiridhike na neno "imetumwa".
6. Tuma kilichobaki kwa anwani ileile iliyohifadhiwa kwenye orodha ya anwani zilizoidhinishwa.

Orodha hiyo washa mapema. Ukiiwasha, soko halitatuma kwenye anwani yoyote nje yake, na anwani mpya hungoja muda, mara nyingi saa 24, kabla ya kutumika. Mwizi akiingia kwenye akaunti usiku, muda huo ndio utakaokuokoa. Vivyo hivyo, masoko mengi husimamisha utoaji kwa saa 24 au zaidi baada ya kubadili nywila au kuondoa uthibitisho wa hatua mbili. Usidhani umeibiwa; lakini usibadili nywila siku unayohitaji pesa haraka.

Muamala ukichelewa, chukua nambari yake na uitafute kwenye tovuti ya kuchunguza blokcheni husika. Bloku (fungu la miamala) ya Bitcoin hutoka kwa wastani wa dakika 10, na masoko husubiri bloku kadhaa kabla ya kukuingizia, kwa hiyo nusu saa hadi saa moja ni kawaida. Ukikuta umethibitishwa na anwani ni sahihi, tatizo liko upande wa soko linalopokea. Wape nambari hiyo. Isipoonekana kabisa, soko linalotuma bado halijaitoa.

Kuacha sokoni au kuhamisha

Kuna kundi litakaloshikilia kwamba usiache hata senti sokoni. Kwa anayeanza na kiasi kidogo, sikubaliani nalo. Pochi yako mwenyewe inalindwa na maneno 12 au 24, na watu wanaopoteza maneno hayo, au kuyapiga picha iliyokwenda moja kwa moja kwenye hifadhi ya intaneti, ni wengi mno. Soko lenye leseni ya kweli, linalotenga mali ya wateja, ni salama kuliko pochi iliyotunzwa ovyo. Hilo halimaanishi masoko hayaibiwi: Februari 2025 soko la Bybit lilipoteza Ethereum za takriban dola bilioni 1.5 kwa siku moja. Liliziba pengo na kuendelea kulipa wateja, lakini si kila soko lina uwezo huo.

Kiasi kikifika pale ambapo kukipoteza kungekuumiza, nunua pochi ya kifaa (kifaa kidogo kinachotunza funguo nje ya intaneti) kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, isiwe iliyotumika. Maneno yaandike kwa kalamu, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Kabla hujahamisha mzigo, futa pochi makusudi na uirudishe kwa maneno hayo. Hakuna mtu wa huduma kwa wateja, wa soko lolote, anayeyahitaji.

Wanaojifanya soko

Tapeli siku hizi haji na barua yenye makosa ya sarufi. Anakuja na kundi la Telegram lenye watu mia wanaoonyesha faida, "meneja wa akaunti" anayekusalimia kila asubuhi, na programu inayofanana na ya soko halisi lakini haipo kwenye Play Store. Utaombwa uipakue kwa kiungo, au uweke AnyDesk, programu ya kuona na kuendesha simu ya mtu kwa mbali, "nikusaidie". Ukimruhusu aone skrini, amekwisha kuona kila kitu.

Alama isiyokosea ni kuombwa ulipe ili utoe: kodi kwanza, ada ya kufungua akaunti kwanza, dhamana kwanza. Soko halali hukata ada kwenye salio lako. Hong Kong mwaka 2023, soko la JPEX lililokuwa likijitangaza mpaka kwenye vituo vya treni lilionywa hadharani na mdhibiti kwamba halina leseni. Likapandisha ada ya kutoa hadi USDT 999, na kiwango cha juu cha kutoa kikawa USDT 1,000. Piga hesabu ya kinachobaki.

Kumbukumbu

Kila mwezi pakua faili la miamala na lihifadhi nje ya soko. Soko likifungwa au kuondoka nchini, historia huenda nalo. Kenya kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa 2025, mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za masoko. Miamala ya kipindi kile bado inahesabiwa kwa kodi ya kipindi kile. Uingereza, tangu Januari 1, 2026 masoko yanakusanya taarifa za wateja kwa ajili ya mamlaka ya kodi.

Ukiona muamala usioujua

Kwa kutumia kifaa kingine, bonyeza kitufe cha kufungia akaunti. Masoko mengi huwa nacho ndani ya programu na kwenye barua pepe za usalama. Badili nywila ya barua pepe kwanza, ya soko baadaye, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Andika nambari za miamala, anwani zilizopokea, saa na kiasi. Wasiliana na soko kupitia programu yenyewe, usitafute namba ya simu Google. Kama sarafu zimetumwa kwenye soko jingine lenye leseni, waandikie na hao siku hiyohiyo, maana wanaweza kuzuia zikiwa bado hapo. Ripoti polisi upate namba ya kumbukumbu, na kwa mdhibiti uliyemkagua siku ya kwanza. Soko likikaa kimya, barua yenye jina la mdhibiti huwaamsha.

Baada ya hapo, ndani ya siku chache, huenda ukaandikiwa na mtu anayedai anaweza kuzirudisha kwa ada ndogo ya kuanzia. Huenda amekupata kupitia maoni uliyoandika ukilalamika. Usimjibu.